Punda Aliyengojewa

Jumatatu, 13 Januari

Nahamishiwa ofisi ya kaskazini ya gazeti letu muhula huu ukiisha. Habari hiyo imetoka kwa mhariri mwenyewe. Alinipa akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, kisha akaongeza kwamba ni kupandishwa cheo, kana kwamba nilikuwa nimeuliza.

Nimempigia mume wangu. Yuko njiani na lori, harudi leo wala kesho.

"Hongera, mama Nukta," alisema. "Na mtoto?"

"Mtoto anakwenda na mimi. Nani mwingine?"

"Dada anaona bora aendelee na shule hapo hapo. Ana rafiki zake, amezoea. Muhula ukiisha nitakuwepo nyumbani. Tukae naye, aseme mwenyewe anataka nini. Ana miaka minane, si mtoto wa kubebwa mgongoni."

Nilikubali. Nilikubali haraka kwa sababu sikuwa na shaka na jibu.

Dada yake huyo ndiye wifi yangu, na wifi yangu ndiye mwalimu wa darasa la tatu, darasa la mwanangu. Mchana mtoto anakula kwake, jioni naenda kumchukua kwake. Jina la Nukta ni yeye aliyempa, siku alipozaliwa, kwa udogo wake. Mtaa mzima unamwita hivyo. Mimi simwiti.

Ijumaa, 17 Januari

Wifi amenikuta getini. "Nina ombi. Shule imepata projekta. Njoo kila Ijumaa unifundishie hawa watoto kuandika uhakiki wa filamu. Wewe ndiye mwenye kalamu, mimi nina chaki tu."

Sikujua ni heshima au mtego. Nimekubali hata hivyo. Ijumaa zote za muhula nitakuwa mbele ya macho ya mwanangu, na kalamu.

Ijumaa, 24 Januari

Somo la kwanza. Niliwauliza uhakiki wa filamu ni nini. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele, wanayemwita Wakili kwa ubishi wake, alisema, "Ni kuisema filamu vibaya."

"Na ikiwa nzuri?"

"Unaisema vibaya kidogo."

Nikaandika maswali matatu ubaoni. Filamu inahusu nini? Nini kilikuvutia au kukuchosha? Kwa nini? Nikawaambia pia kwamba mwisho wa filamu hausemwi, kwa sababu anayesoma hajaiona.

"Na kama mwisho ndio mzuri?" aliuliza Wakili.

"Unautunza."

"Nitautunza wapi, na mdogo wangu ananiuliza?"

Darasa lilicheka. Mwanangu naye alicheka, lakini kabla ya kucheka aligeuka kumtazama shangazi yake aliyekuwa amekaa nyuma, aone kama naye anacheka. Hakunitazama mimi. Nimeliona hilo.

Ijumaa, 31 Januari

Umeme umekatika. Tumehakiki tangazo la sabuni tulilolikumbuka wote. Watoto wamelisifu. Mimi sikulisifu.

Ijumaa, 7 Februari

Filamu imeonyeshwa leo kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyeisikia.

Mvua ilianza projekta ilipowaka. Ukumbi wa shule ni wa mabati bila dari. Mvua ikipiga, mtu akizungumza unaona mdomo tu. Kwenye shuka tuliyoibana ukutani kwa vibanio vya nguo, msichana na baba yake walikuwa wanapeleka magunia sokoni kwa punda. Wamefika darajani, punda amekataa kuvuka. Baba anavuta kamba, anasukuma nyuma, anagomba kwa mikono, mwishowe anajitwisha gunia moja na kuondoka. Msichana anabaki na punda. Filamu iliyosalia yote ni huko kubaki.

Niliinuka kwenda kuizima. Mtu hahakiki kisichosikika. Kabla sijafika kwenye swichi, wifi alikuwa ameshasimama kando ya shuka, anapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata kwenye ugomvi wa familia.

"We punda! Unajua mimi ni nani?"

Kisha kwa sauti ya puani, nzito, "Nakujua, mzee. Ila hilo daraja limenitazama vibaya."

Ukumbi ulipasuka. Alimsemea baba, akamsemea punda, akamsemea msichana, akalisemea hata gunia. Mwanangu alicheka mpaka akashika mbavu. Alishuka kwenye kiti alichokuwa amekalia karibu yangu, akaenda kukaa sakafuni, mbele kabisa, miguuni pa shangazi yake. Filamu ilipoisha watoto walimpigia makofi wifi. Shuka haikupigiwa.

Alinijia anajifuta uso. "Nimekuharibia somo, wifi?"

"Umeliokoa," nilisema. Ni kweli aliliokoa. Roho iliniuma njia nzima. Mwavuli ulikuwa mmoja, mimi na mtoto, naye ananisimulia filamu ile ile niliyoitazama naye, kwa sauti ya shangazi yake, na hakukosea hata pumzi.

Ijumaa, 14 Februari

Watoto wamesoma walichoandika. Karibu karatasi zote zina maneno ya daraja kutazama vibaya.

"Maneno haya hayamo kwenye filamu," niliwaambia.

Wakili alisimama. "Mwalimu mgeni, tumeyasikia kwa masikio yetu."

"Aliyasema mwalimu wenu."

"Kwani filamu yenyewe ilisema nini?"

"Sijui. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Sasa kama hujui, umejuaje kwamba hayamo?"

Nimewauliza maswali wakubwa wa aina nyingi, wengine wakatoka jasho. Leo nimelitoa mimi. Nyuma ya darasa wifi alijitia anapanga vitabu, lakini mabega yalikuwa yanamcheza.

Jumanne, 18 Februari

Nimechelewa kutoka ofisini. Nimemkuta mtoto amelala kwa wifi, kichwa mapajani, viatu vimevuliwa, vimepigwa brashi, vimepangwa ukutani. Wifi aliweka kidole mdomoni kunikataza nisimwamshe. Mimi, kwa mtoto wangu.

Ijumaa, 21 Februari

Jua. Tumeirudia filamu na sauti yake. Kumbe baba anasema neno moja tu, "Twende," mara tatu, halafu anaondoka. Msichana hasemi chochote. Punda, bila shaka, hasemi.

Watoto hawakufurahi. Yule anayefuta kuliko anavyoandika, Kifutio, alisema, "Punda yule wa siku ya mvua alikuwa bora." Mimi ndiye niliyefurahi, kwa kuwa sauti ya wifi haikuwamo. Simu ya ofisi ilinitoa nje katikati. Niliporudi, msichana alikuwa bado amekaa chini kando ya daraja, na punda bado amesimama.

Nikawataka waandike upya walichokiona hasa. Mwanangu aliandika muda mrefu, ameinama, ulimi nje. Nilipopita karibu yake aliifunika karatasi kwa mkono. Wifi alipopita hakuifunika.

Jumanne, 25 Februari

Mtoto ameomba shati la shule lipigwe pasi "kama la kwa shangazi." Nimelipiga mara mbili. Amelitazama, akavaa.

Ijumaa, 28 Februari

Mhariri amekubali kutoa safu moja ya uhakiki wa darasa hili kwenye ukurasa wa watoto, Jumapili ya tarehe tisa Machi. Nilipolitangaza darasani kulikuwa na vifijo mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Wifi alinishika mkono mbele yao wote. "Umetuheshimisha, wifi."

Mwanangu aliniletea karatasi yake kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu mwingine. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumanne, 4 Machi

Nimehariri karatasi za watoto, mchana, mezani kwangu. Safu ni nyembamba na watoto ni wengi, kwa hiyo kila mmoja amepata mistari michache. Hii hapa ya mwanangu, kama alivyoiandika:

"Filamu hii inahusu punda na daraja. Punda hataki kuvuka. Baba anakasirika anaondoka. Kilichonivutia ni miguu ya punda jinsi ilivyosimama imara. Mimi nilimwonea wivu punda kwa sababu msichana alimngoja siku nzima wala hakuangalia saa. Mwisho sisemi. Itazameni mkiwa na mtu wenu."

Nimekata sentensi ya wivu. Mhakiki anahakiki filamu, hajihakiki mwenyewe. Ndivyo ninavyowakatia hata wakubwa zake. Kisha nikakata "mkiwa na mtu wenu." Hapo sikuwa na sababu ya kikazi, nafasi ingetosha. Nilipoyasoma maneno hayo nilimwona wifi na mapaja yake na brashi yake ya viatu. Kalamu haikusita.

Nimeisoma tena. Ni safi, haina kosa.

Jumapili, 9 Machi

Imetoka. Mume wangu amesomewa na utingo wake kwenye simu, njiani. Anasema wote wawili wamefurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Mtoto amehama.

Nilikwenda shuleni asubuhi kabla ya kazi kwa sababu wifi alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti ukutani, na nilitaka kuwaona watoto wanavyouona. Walikuwa wamerundikana. Kila mmoja anajitafuta kwa kidole. Kifutio alijipata, akapiga ukelele, akatafuta cha kufuta, hakukipata. Wakili alijisoma kwa sauti, akatikisa kichwa. "Wameniacha mfupi," alisema, "lakini nipo."

Mwanangu alisoma yake kimya. Akarudia. Nilimwona midomo ikisoma mara ya tatu.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako, mwanangu. Hiyo miguu ya punda nani mwingine aliiona?"

"Mimi simo."

"Jina la darasa lako hilo hapo."

"Mimi simo," alirudia, akaweka kidole pale sentensi yake ilipopaswa kuwepo, kati ya miguu na mwisho. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, nimeshawahoji watu wengi wakilia. Alikunja tu karatasi ya mazoezi aliyokuwa ameishika, akaingia darasani.

Jioni nilipofika kwa wifi, mtoto alikuja mpaka mlangoni. Alikuwa amevaa nguo za kulalia, na jua lilikuwa halijazama.

"Leo nalala hapa," alisema.

"Na kesho?"

"Na kesho."

Wifi alitokea nyuma yake na taulo begani. "Mwache kidogo, wifi. Atapoa."

Ningeweza kumvuta mkono. Nilifikiri juu ya yule baba wa kwenye filamu na "Twende" yake, nikajisikia mjinga. Nikaondoka peke yangu. Nyuma ya mlango nilimsikia wifi anamsemea punda, na mtoto, baada ya muda, anacheka. Nilisimama pale uchochoroni nikisikiliza mlango wa mtu mwingine kama mmbea. Nilimchukia kwa kile kicheko. Kumkosesha mtu furaha ni jambo moja, na kumchukia anayemrudishia ni jambo jingine. Yote mawili yalikuwa yangu.

Jumatano, 12 Machi

Bado yuko huko. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Baada ya somo nilimfuata wifi kwenye stoo ya vitabu. Alikuwa anapanga vitabu vya kuhesabu kwenye rafu. Nilifunga mlango.

"Wifi, unamtaka mtoto wangu?"

"Hilo swali la gazeti?"

"La mama yake."

Aliviacha vitabu, akakaa juu ya boksi. "Namtaka. Sasa? Kila ndugu akinikuta ananiuliza wangu nitapata lini. Na kila siku anakuja huyu wa mwenzangu, anakula, anafanya kazi zake za shule, ananipigia soga. Halafu unatokea wewe na pochi yako mlangoni, anaruka kama mtu katolewa jela. Hata kuaga hakumbuki. Umewahi kugeuka nyuma ukaniona sura yangu?"

"Sijawahi."

"Hujawahi. Na nikupe jingine, kaliandike. Sikukuita hapa kwa wema. Nilikuita ushindwe. Nilisema huyu na ukali wake, wiki ya pili watoto watakuwa wamemchoka, na Nukta ataona kwa macho yake. Hawakukuchoka. Mama yake Wakili kaja kunilalamikia juzi, mtoto anauliza maswali mpaka baba yake anakula chumbani."

Tulicheka. Hatukupenda kucheka, lakini tulicheka, kisha tukaacha.

"Ulimkata kwa nini?" aliuliza.

"Sheria za kazi."

"Wifi."

Nikamwambia kwamba kipande cha mwisho nilikikata kwa sababu nilidhani mtu wake ni yeye.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema. "Nikajipendekeza nikamwuliza. Kasema mtu wake ni wewe, ila siku ile ya filamu ulitoka na simu." Alisimama, akakung'uta sketi. "Usifikiri ilikuwa rahisi kukwambia. Ningeweza kukaa nalo."

Angeweza. Mimi katika nafasi yake sijui kama ningelisema.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwomba mhariri nafasi ya masahihisho. Aliuliza kosa ni lipi, nani amelalamika, na kama kuna wakili anayehusika. Nikasema yupo mmoja, wa darasa la tatu, lakini mlalamikaji ni mwingine. Alisoma nilichoandika mara mbili.

"Gazeti hili halisahihishi hisia," alisema.

"Hatusahihishi hisia. Tuliondoa maneno ya mwandishi yakabadilika maana. Tukimfanyia waziri hivyo, tunasahihisha."

Alitazama dirishani. Akatia sahihi.

Jumapili, 23 Machi

Ukurasa wa pili, chini kabisa, kati ya masahihisho ya bei ya saruji na ya cheo cha daktari mmoja: "Katika uhakiki wa filamu uliochapishwa kwenye ukurasa wa watoto, sentensi mbili za mwandishi hazikutokea kama alivyoziandika. Alisema alimwonea wivu punda kwa sababu msichana alimngoja siku nzima wala hakuangalia saa, na kwamba filamu muitazame mkiwa na mtu wenu. Kosa ni la mhariri wa makala hiyo."

Nililipeleka gazeti mimi mwenyewe kwa wifi. Mtoto alisoma amesimama. Akauliza, "Mhariri wa makala ndio nani?"

"Mimi."

"Mbona hawajaandika jina lako?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Si sawa," alisema, akalichukua gazeti akaingia nalo ndani. Baada ya muda alitoka na begi lake. Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani alinieleza habari za Kifutio na dawati lililotoboka. Wifi hakuja mlangoni.

Safari hii niligeuka nyuma. Alikuwa dirishani.

Ijumaa, 28 Machi

Somo la mwisho. Wakili ameandika uhakiki wa masomo yangu. Inahusu mwalimu mgeni. Kilichomvutia ni kwamba alishindwa kujibu. Mwisho hasemi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mtoto anabaki. Amesema mwenyewe leo mchana, mbele yetu sote watatu.

Baba yake alirudi jana. Leo alitukalisha mezani, mimi, dada yake na mtoto, amevaa shati la mikono mirefu kama mtu aliyekwenda benki. Alianza kueleza mambo ya shule za kaskazini na mambo ya shule ya hapa. Mtoto alimkatiza.

"Mama, huko nani atakuja kunichukua shuleni?"

Kulikuwa na jibu la neno moja. Wifi alikuwa ananitazama, naye alijua, na sikuona kama ananiombea nilitoe au nisilitoe.

"Siku nyingine mimi," nilisema. "Siku nyingine mtu nitakayemtafuta. Bado simjui."

"Siku nyingi ni zako au zake?"

"Zake."

Akageuka. "Na wewe, shangazi?"

"Mimi si niko shuleni tayari?" alisema wifi, taratibu, kama anayeomba radhi.

Mtoto alifikiri, ulimi nje. Baba yake alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Basi nabaki," alisema. "Mwaka huu. Halafu tutaona." Akanitazama usoni. "Umekasirika?"

"Hapana. Nina wivu."

"Mwingi?"

"Mwingi."

Alishuka kwenye kiti chake, akaja kujibana kwenye changu, nusu yake nusu yangu, akaanza kula mkate uliobaki kwenye sahani yangu. Wifi aliinuka akasema anakwenda kuangalia chai. Chai ilikuwa mezani. Hakuna aliyemwambia.

Wivu haujaisha, na sitegemei uishe kwa sababu nimeutaja. Nitamwachia wifi ufunguo, kadi ya kliniki na sare mbili. Pasi anayo.

Basi langu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Filamu ya kwanza ya muhula wa pili ni Ijumaa, tarehe tisa Mei, na wifi ameshaniandika kwenye ratiba, mstari wa mbele, karibu na mtoto. Nimeomba Ijumaa hiyo niondolewe zamu. Mhariri amesema atanijibu Jumatatu. Tiketi ya kuja nimeshakata.